Kwa Tumpe, Kando ya Mto Mweusi

Espérance, ambaye sasa ndiye anayeongoza kazi za msituni katika ofisi yetu pale Tumba, kusini mwa Stockholm, alinipigia simu barafu ilipoanza kuyeyuka. Yeye ni binti wa Bukavu, na Kiswahili chake kina njia zake. "Papa Amba," alisema, "nakuambia wewe wa kwanza, mbele ya wengine. Banataka kufunga ile nafasi ya Mama Tumpe. Banasema hakuna mutu anaenda kule. Donc, wewe ulitumika hapa miaka mingi, andika. Andika vile mulikuwa munafanya kazi, batasoma." Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika. "Lakini kusema unaweza sana," akasema, akakata simu.

Basi naandika. Nawaandikia ninyi mnaovaa sasa yale makoti ya rangi ya chungwa, ambao nusu yenu mnaongea Kiswahili cha aina yoyote ile, cha Kigoma, cha Nairobi au cha Bujumbura. Wenzenu Waswidi Espérance atawatafsiria, na najua atapunguza maneno, maana ana haraka siku zote. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Zipo kwenye majalada, na hazijawahi kumsaidia mtu kuwasha moto kuni zikiwa mbichi. Nitasema habari za kazi, halafu ombi langu. Ombi lenyewe nalitaja hapa hapa, asije mtu akasema nimemzungusha: msiifunge kambi ya Kwa Tumpe. Tumpe alikuwa mke wangu.

Nilikuja nchi hii kijana, kutoka Rungwe, kusomea misitu kwa kozi fupi. Kozi ikaisha, mimi nikabaki. Jina langu Ambakisye liliwashinda watu siku ya kwanza kabla hata sijakaa kwenye kiti, wakachukua kipande cha mbele wakaniita Amba, na mpaka nastaafu kadi yangu ya mlangoni iliandikwa hivyo. Sikugombana nao. Nami majina yao mengine niliyatamka kwa namna ambayo wazazi wao wasingeyatambua.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana hata mwanangu Neema alipoulizwa shuleni baba yake anafanya nini, alijibu kwamba baba yuko msituni. Chama chetu ni cha watu wenye ardhi kando ya mito. Wakazi wa Stockholm wakichoshwa na ofisi zao za Kista hununua kibali cha kuvua samaki, na hutaka mahali pa kulala karibu na maji, pasipo umeme wala jirani. Sisi kazi yetu ni kuwatafutia mahali hapo na kupatunza: kiwanja cha hema, mawe ya kuzungushia moto, kuni kavu, choo cha shimo, basi. Asiyejua atauliza, kwani si nchi hii kila mtu ana haki ya kulala msituni anapotaka? Anayo. Lakini watu wakiruhusiwa kulala popote, wote hulala mahali pamoja, pale pale barabara ilipoishia.

Samaki wanayemfuata ni huyu sangara mdogo wa huku wanayemwita abborre, mwenye mistari mgongoni na mapezi mekundu. Si mkubwa, ila ana hasira, na akikaangwa kwa siagi hana mpinzani. Aliwahi kuja mgeni kutoka Marekani akimtaka samaki wa kwao mwenye mdomo mdogo, anayekaa kwenye mito ya mawe na kuvuta mshipi kama ana ugomvi na mtu. Alimweleza kwa mikono yote miwili. Sixten, aliyekuwa mwalimu wangu wa kazi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Huku wenye midomo midogo ni watu." Sijawahi kumsikia akimwambia mgeni jambo refu kuliko hilo. Tulimpeleka penye mawe, akavua abborre wawili watatu, akakubali kwamba ni ndugu wa mbali.

Huyo Sixten alikuwa mtu mrefu, mwembamba, anayetumia maneno kwa uchache kama chumvi ya mgonjwa wa presha. Siku yangu ya kwanza alinipa shoka, akanitazama ninavyolishika, akalichukua, akanipa jingine fupi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi.

Mimi nilikuwa nimekuja na panga langu kutoka nyumbani, na nikaona kwa kazi ya kufyeka vichaka hakuna kama panga. Siku iliyofuata nikapanda nalo treni, nimelifunga kwa gazeti, mpini ukiwa nje. Kituoni Tumba polisi wawili wakanisimamisha, vijana wapole sana. Wakaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema kazini. Kazi gani? Nikasema, kuwatafutia watu mahali pa kulala. Lile jibu halikunisaidia. Ilibidi Sixten aje, na hata yeye siku ile alilazimika kusema maneno zaidi ya anavyopenda. Baada ya hapo panga lilikaa ndani ya gari la kazi, na aliyelitumia mara nyingi alikuwa yeye.

Mahali pa kwanza nilipotumwa kupachagua peke yangu palikuwa kwenye Mto Mweusi. Mito yenye jina hilo katika nchi hii ni mingi kama akina Juma, lakini ninyi mnajua ninaosema. Nilizunguka kutwa, nikarudi kifua mbele. Nilikuwa nimepata kiwanja kizuri, kikavu, kinachoonekana kutoka njiani, na kwa ng'ambo unaliona paa la nyumba na kusikia mbwa akibweka. Sixten alifika, akatazama, akasema, "Umechagua sokoni."

Niliumia, lakini sikuwa nimefanya kwa uvivu. Kwetu mtu akitafuta pa kulala safarini hutafuta penye dalili ya watu. Ukisikia mbwa, unashukuru. Ukiona moshi, unasema tumefika. Mahali pasipo na sauti ya mtu hupalali, unapapita haraka huku ukiimba ili usijisikie vibaya. Hapa nikaambiwa watu wanasafiri mwendo mrefu, wamebeba mizigo mgongoni, ili wasisikie mbwa wa mtu. Ilinichukua muda kuamini kwamba hawakuwa wamefukuzwa nyumbani.

Basi Sixten akanifundisha njia yake, na hadi leo sijaona chombo chochote cha kisasa kinachoishinda. Mkifika mahali mnatua mizigo, mnawasha jiko dogo, mnabandika birika la kahawa. Mpaka ichemke, hakuna kusema na hakuna kutembea. Mnasikiliza. Barabara kuu utaisikia ndani ya dakika za kwanza kama ipo. Kiwanda cha mbao utakisikia upepo ukigeuka. Mbu na visubi watakuambia wenyewe. Unatazama juu kama kuna mti mkavu unaoegemea, maana misonobari ya huku huanguka bila kuaga, na unashika ardhi kwa kiganja uone kama inatoa maji. Kahawa ikichemka mnakunywa. Ukijikuta unatamani kikombe cha pili, hapo ni kambi. Ukijikuta unafunga mzigo, si kambi, hata kama mandhari yake inafaa kalenda. Ninyi siku hizi mna ramani kwenye simu na ndege ndogo za kupiga picha kutoka juu. Sawa, pigeni, lakini mkitua chini bandikeni birika.

Kosa kubwa lililonikuta ni la majira ya kwanza ya mafuriko. Nilikuwa nimechagua ufuko wa mchanga kwenye kona ya mto, mahali pa kupendeza, tukajenga na choo kipya cha mbao chenye harufu nzuri ya msonobari. Rungwe mto hujaa mvua ikinyesha. Ukiona wingu zito mlimani, unahamisha ng'ombe. Huku mto hujaa jua likiwaka. Wiki nzima mbingu ilikuwa buluu, watu wamevua makoti, nami nimestarehe kabisa, kumbe theluji ya kaskazini ilikuwa inayeyuka na kushuka kimyakimya. Asubuhi moja choo kiliondoka. Kilisafiri kikiwa wima, mlango umefungwa, kikapita mbele ya watu waliokuwa wanapaka rangi boti zao, na mmoja wao, nasikia, alikipungia mkono. Sixten alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara pekee niliyoona meno yake ya nyuma.

Kazi niliipenda. Naona haya kulisema waziwazi, lakini niliipenda kiasi kwamba Jumapili jioni, saa ambazo wenzangu kanisani walianza kulalamika kwamba kesho ni Jumatatu, mimi nilikuwa napaka viatu mafuta. Kitu kimoja tu kilinikaa moyoni, nacho ni kwamba Tumpe hakutaka kuuona mto.

Tulifunga ndoa nyumbani, akanifuata huku. Alianza kwa kusafisha ofisi Kista, kisha akajifunza kazi ya kuhudumia wazee, akawa mtu wa kutegemewa kwenye nyumba yao ya wazee. Kila majira ya joto nilimwambia, twende walau siku mbili. Na kila majira ya joto nilipata jibu lile lile.

"Ambakisye, mimi nimelala chini utoto wangu wote. Nimechota maji mtoni, nimepuliza kuni mbichi mpaka macho yakawa mekundu. Nimepanda ndege, nimejifunza Kiswidi chao, nimepata kitanda na bomba la maji moto. Sasa likizo ndiyo unirudishe mtoni? Nenda na hao hao wagonjwa wako wanaopenda kulala chini."

Siku moja baada ya ibada, nyumbani kwa rafiki yake Mganda kule Fisksätra, akina mama walimuuliza kazi yangu hasa ni nini. Tumpe aliweka kikombe chini. "Mume wangu," akasema, "kazi yake ni kuwatafutia Wazungu umaskini." Walicheka wakaegemeana. Mwenye nyumba akajifuta machozi kwa kitenge akisema, "Banange, na wanalipa?" Nilicheka nami, ningefanyaje. Lakini nilitamani. Nilipachagua mahali pengi palipowafaa watu wawili kukaa na kutazama maji, na niliwaona wageni wamekaa hivyo, mke na mume, hawasemi kitu, wameridhika. Mimi nikifika huko nilikuwa na Sixten, na Sixten, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kumtazama jioni nzima.

Kisha mama yake Tumpe akafariki. Msiba ulitokea Rungwe, na huku Tumpe alikuwa amelazwa, ndiyo kwanza ametoka kupasuliwa, daktari amemkataza safari. Mazishi aliyasikia kwa simu. Ndugu yake aliishika simu juu pale uwanjani ili asikie kilio, na Tumpe alikuwa kitandani ameiweka sikioni, na nyuma ya pazia kuna mgonjwa mwingine amelala. Hakutoa sauti. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anauma shuka.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alijaribu. Siku moja, jioni, akaanza kulia sebuleni kama anavyoliliwa mama kwetu. Haukupita muda jirani akagonga mlango. Alikuwa mama mwema sana, uso umemshuka, anauliza kama kuna aliyeumia na kama aite gari la wagonjwa. Tumpe akaomba radhi, akaosha uso. Tangu siku ile akakauka. Alikwenda kazini, alipika, alijibu simu, lakini ulikuwa ukimsemesha anachelewa kugeuka, kama mtu aliyeko chumba cha mbali. Neema aliogopa. Mimi pia niliogopa, ila nilijifanya natengeneza bomba.

Wiki zikapita hivyo. Siku moja tunakunja nguo akaniuliza, bila kunitazama, "Wewe si unajua mahali pasipo na watu?"

"Najua."

"Basi nitafutie pa kulia. Sitaki pa kuvua wala pa kutazama maji. Pa kulia, kwa sauti yangu, asije mtu akanihurumia."

Vijana, katika miaka yangu yote sikupewa kazi ngumu kuliko hiyo. Nilidhani itakuwa rahisi, maana mahali pa kimya nilikuwa napajua kuliko mtu yeyote. Nikaanza kuyapitia moja moja kichwani, nikagundua yote hayafai. Penye maji matulivu sauti husafiri. Mtu akikohoa ng'ambo ya mto, unamjibu. Sehemu zetu nzuri zote, zile za kikombe cha pili, ndizo ambazo Tumpe angesikika mpaka kambi inayofuata, na mvuvi mwenye huruma angekuja mbio na kisanduku cha huduma ya kwanza. Ilinibidi nigeuze kazi yangu juu chini. Nikaanza kukumbuka mahali tulipopakataa.

Ndipo nikakumbuka ile kona ya Mto Mweusi ambapo mto unabanwa na miamba miwili na maji yanashuka yakiunguruma. Mimi na Sixten tulikuwa tumebandika birika pale zamani, na tulipakataa kwa sababu hatukuweza hata kulisikia linachemka. Hakuna mgeni ambaye angelala penye kelele vile. Nilikwenda peke yangu kwanza. Nikasimama juu ya mwamba, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na sauti ikamezwa na maji hatua chache tu kutoka mdomoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia Tumpe nimepata.

Alikuja na khanga mbili, moja ya kujifunga kiunoni. Njiani aliuliza tu kama kuna nyoka. Tulipofika, akatazama maji, akatazama miamba, akajifunga khanga, akavua viatu. Akaanza kutembea huku na huku kwenye ule ukoga wa kijani uliofunika mwamba, mikono kichwani, akamwita mama yake. Alimwita kwa Kinyakyusa, kwa majina yake yote, la ukoo na la watoto wake na lile la utani walilompa wajukuu. Akamuuliza kwa nini hakungoja. Akamweleza habari za hospitali, za pazia, za simu. Alimlaumu, akambembeleza, akamlaumu tena. Mimi nilisimama kando anavyosimama mkwe. Mama mkwe alikuwa amenipenda, na baada ya muda nikajikuta nami machozi yananitoka, nikageukia miti.

Alipomaliza, sauti ilikuwa imemwisha. Nilikuwa nimesonga ugali na kukaanga abborre mmoja. Akala vyote. Kisha akanong'ona, "Ugali wako mbichi," nami sijawahi kufurahia lawama kama siku ile. Akaingia kwenye hema, akalala mchana kweupe kwenye ardhi ile ile aliyoapa hatailalia tena.

Nilimsimulia Sixten, maana nilikuwa nimetumia gari la kazi. Hakusema pole, sidhani kama alijua kuisema. Aliuliza, "Ardhi ilikuwa kavu?" Nikasema ilikuwa na unyevu kidogo upande wa mto. Nilipopita pale wiki iliyofuata, nilikuta benchi. Mbao nzito, Sixten amezibeba mgongoni kwenye njia yote ile ya mizizi, na wakati huo alikuwa mtu mzima karibu na kustaafu. Hakulitaja, nami sikulitaja. Hivyo ndivyo mahali pale palivyopata benchi, na ofisini watu wakaanza kupaita Kwa Tumpe.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka pafunguliwe kwa wageni. "Acha na wengine waje," aliniambia. "Nchi hii ina watu wengi waliokauka." Tukaweka mawe ya moto na choo, wanavyotaka wakaguzi. Wavuvi hawakupapenda kwa sababu ya kelele, na kwenye makaratasi ya ofisi hesabu yake ilikuwa ndogo siku zote, lakini nilikuwapo mimi wa kuitetea.

Baada ya hapo alikuwa akija kila majira ya joto, na hakuja kulia tena. Alikuja kukaa. Yule mwanamke aliyesema sitarudi mtoni alikuwa na mto wake wa kukalia, chupa yake ya chai ya tangawizi, na kofia. Na aliongea! Kwa kuwa maji yanaunguruma, ilibidi anipigie kelele, nami nimpigie kelele, tukisimuliana habari za kanisani na za wazee wake wa kazini kama watu waliogombana. Mvuvi yeyote angetukimbia. Jioni ndefu za huku, jua linakataa kuzama, yeye anasema na mimi naosha sufuria. Ninazitamani jioni hizo sasa kiasi kwamba wakati mwingine, nikiwa peke yangu jikoni, nafungua maji kwa nguvu kwenye sinki nisikie tu kitu kinachounguruma.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa baridi. Huku mnajua ilivyo, maiti husubiri majuma kadhaa, na aliyefiwa husubiri naye, anakula, analala, anajibu barua pepe. Ilipofika siku yenyewe kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Mchungaji alisema vizuri. Watu wa Tanzania, wa Uganda, wa Congo walijaa, wakaimba. Tukanywa kahawa na keki. Wanawake walianza kilio mle ukumbini, nikahisi changu nacho kinapanda, lakini akaja kijana mwenye funguo, kwa adabu kabisa, akasema ukumbi una kikundi kingine baada yetu. Tukakunja meza. Nilirudi nyumbani na kilio changu bado ninacho, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto anayetafuta pa kuitua. Nikarudi kazini. Nikastaafu. Wakaniaga kwa keki nyingine. Kule Kwa Tumpe sikwenda; goti lilikuwa sababu, na sababu nyingine ni kwamba niliogopa benchi.

Simu ya Espérance ndiyo iliyoniinua. Nikamwambia Neema nataka kufika pale kabla hawajapang'oa. Neema ni mwanamke mzima sasa, ana kazi yake, na tangu alipoanza shule mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi. Tumeishi hivyo bila ugomvi. Alichukua siku ya likizo, akabeba mzigo wote. Njia ilinishinda mara nyingi. Nilikuwa nakaa juu ya mizizi, yeye ananisubiri.

"Pappa, är det långt?" akauliza, kama bado ni mbali.

"Si mbali. Ukisikia maji, tumefika."

Tulifika. Benchi limezama upande mmoja. Nilidhani nitakuta majani yameota kwenye mawe ya moto, kwa kuwa hakuna anayekwenda. Nikakuta majivu mapya. Kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa vizuri chini ya gome, lakini si kwa mpango wetu wa ofisini. Yupo mtu anayekuja, au wapo, na hawaweki nafasi kwenye simu. Sijui ni akina nani na wanakuja kufanya nini, wala sitaki muwatafute.

Nikasimama mahali aliposimama Tumpe, nikataka kuanza. Haikuja. Nimekaa nchi hii miaka mingi, nimejifunza kulia kwa pua tu. Neema alikuwa amekaa kwenye benchi, ananitazama. Akaja karibu, akalazimika kupaza sauti, akaniuliza kwa Kiswidi mama alifanyaje siku ile. Nikamweleza: alijifunga khanga, alivua viatu, alimwita mama yake kwa jina.

Neema akavua skafu yake, akaifunga kiunoni juu ya koti la mvua. Akavua viatu, soksi akabaki nazo. Akaanza kwa Kiswidi, kwa sauti ndogo, anamweleza mama yake habari ya siku ile ya ukumbi. Kisha sauti ikamvunjika, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. "Mama wee! Mama yangu, umeniacha na nani? Mama, nilikuwa nakuja Jumamosi, mbona hukunisubiri?" Sikujua kama anayo maneno hayo. Nadhani naye hakujua. Alitembea kwenye ukoga mikono kichwani, hakuna aliyemfundisha, na nilipomwona hivyo kikafunguka changu. Nilimwita Tumpe. Nilimwita kwa nguvu ambazo sikudhani bado ninazo, nikamwambia nyumba imekuwa kubwa, nikamwambia ugali bado unanishinda, nikamwambia nimestaafu sasa, siku zote ni zetu, amekwenda wapi. Mto ulikuwa unaunguruma, na hakuna mtu aliyekuja kutuhurumia.

Tulirudi kwa gari. Karibu na Tumba Neema akaniuliza, kwa Kiswahili, kama tunaweza kurudi tena. Nikamwambia sijui, nitawauliza wenye mamlaka.

Nawauliza. Mimi sijamaliza; mke niliyeishi naye umri wote ule hamalizwi kwa siku moja. Choo king'oeni kama kinawapa taabu, mawe ya moto myachukue, jina mlifute kwenye ramani, wavuvi hawatalalamika. Njia tu mwiache wazi. Na kama ni lazima hata njia ifungwe, kwanza nionyesheni mahali pengine, katika mji huu wote na misitu yake, ambapo mtu anaweza kumwita mkewe kwa sauti yake yote.